Mistari Miwili ya Mheshimiwa Waziri

Nchi ninayoisimulia iko mbali sana na hii yetu, na msomaji akidhani anaifahamu, basi amechanganya na nyingine. Huko ng'ombe ni wengi kuliko watu, na viongozi ni wengi kuliko ng'ombe. Ni nchi ya utulivu. Kila kitu kina utaratibu, na utaratibu wenyewe ni mmoja tu: kitu kipya hakifanyi kazi mpaka kizinduliwe.

Wenyewe hawaoni ajabu. Wodi ya wazazi ilipokamilika katika wilaya moja, vitanda viliingizwa, utepe mwekundu ukafungwa mlangoni, na wanawake wakaendelea kujifungulia barazani huku wakiutazama utepe, kwa sababu mgeni rasmi alikuwa na mafua. Choo cha soko kilisubiri mvua za masika zije na kupita, hadi Naibu Waziri alipopata nafasi. Akaingia, bendi ikapiga, akatoka, watu wakapiga makofi. Inasemekana hakuwa na haja siku hiyo, ila alijitahidi kwa ajili ya taifa.

Katika wilaya hiyohiyo ndipo homa ya mapafu ya ng'ombe ilipoingia. Ugonjwa huu haukusubiri kuzinduliwa.

*

Nyamizi alikuwa mjane kijana. Marehemu mumewe alimwachia zizi la ng'ombe na mama mkwe, Bibi Kabula, ambaye ulimi wake ulikuwa mkali kuliko fimbo ya kuchungia. Wote wawili waliishi kwa maziwa ya zizi lile. Hawakuwa na shamba wala ndugu mwenye cheo.

Siku moja ng'ombe wao aitwaye Kidosho alianza kukohoa. Kikohozi chake kilikuwa kikavu, cha kutoka mbali. Nyamizi akamtoa zizini, akamfunga nyuma ya nyumba, akampa ndoo yake peke yake. Kisha akaenda kwa Bwana Mifugo, aliyeitwa Chiragwile.

"Nimesikia vipimo vya haraka vimeletwa," akasema.

"Vimeletwa, dada. Stoo imejaa mpaka mlango haufungi." Chiragwile akatoa kimoja kwenye droo amwonyeshe. Kilikuwa kitu cheupe cha plastiki, kama kidole. "Huna haja ya kwenda maabara. Unamtoboa ng'ombe sikio, unadondosha tone la damu hapa, unakunywa chai, unarudi kuangalia. Mstari mmoja, mzima. Miwili, ana homa ya mapafu. Hata asiyejua kusoma anaelewa, picha ziko kwenye boksi. Huyu wa mstari mmoja anacheka, huyu wa miwili amelala."

"Nipimie Kidosho basi. Kama ni homa ya mapafu asirudi kwa wenzake. Na hao wenzake uwapime, nijue kama amewaambukiza."

"Umesema vizuri kabisa. Ndiyo kazi ya kifaa hiki, kupima palepale zizini, haraka."

"Twende."

"Hakijazinduliwa."

Nyamizi akatazama chini. Alikuwa na aibu ya kubishana na watu wa ofisi. "Kitazinduliwa lini?"

"Haraka. Kwanza itazinduliwa kamati ya uzinduzi, halafu tutapokea meza."

"Na ng'ombe akifa kabla ya meza?"

Chiragwile akakirudisha kifaa kwenye droo. "Huyo atakuwa amefia nje ya mradi," akasema, na hakusema kwa ubaya.

*

Mkuu wa Wilaya alikuwa Kanali mstaafu Kihedu. Jeshini hakupigana vita yoyote, lakini alizifanyia mazoezi zote. Habari zilipofika kwamba Mheshimiwa Waziri wa Mifugo atakuja mwenyewe kupima ng'ombe wa kwanza, Kanali aliagiza kila kijiji kilete ng'ombe wake bora uwanjani, wafanyiwe majaribio ya kusimama mbele ya kiongozi.

Nyamizi akampeleka Kidosho. "Si bora," akamwambia Bibi Kabula, "lakini labda watampima."

"Nenda," Bibi Kabula akasema. "Ila mfunge mbali na wenzake. Hao wakubwa wakitaka kuambukizana, waambukizane wao."

Majaribio yalikwenda vibaya. Ng'ombe wazima, wenye manyoya ya kung'aa, hawakuwa na nidhamu. Dume la kijiji cha kwanza lilikula maua ya jukwaani. Mtamba mmoja alisikia neno "Mheshimiwa" kwenye kipaza sauti, akainua mkia, akalichafua zulia. Mwingine alimpiga teke afisa itifaki, tena palepale alipoonyeshwa asimame.

Ndipo Kanali alipomwona Kidosho chini ya mkwaju, pembeni kabisa. Alikuwa amesimama na shingo ameinyoosha mbele, kichwa ameinamisha, viwiko vya miguu ya mbele vimetengana na mbavu, macho nusu yamefumba.

"Huyu amefundwa na nani?" Kanali akauliza.

"Anaumwa, mkuu," Nyamizi akasema, akitazama chini.

"Anaheshimu. Tatizo lenu mmezoea ng'ombe wahuni. Mkiona mwenye adabu mnasema anaumwa."

Kidosho akakohoa.

"Na anaitikia," Kanali akasema. "Aogeshwe. Afungwe utepe kwenye pembe."

Chiragwile alisogea, akafungua mdomo, akakumbuka watoto wake watatu wako shule ya kulipia, akaufunga. Nyamizi yeye alifurahi kimoyomoyo. Angalau Kidosho angepimwa.

*

Siku ya uzinduzi watu walikaa juani tangu asubuhi, na viongozi wakakaa kivulini tangu saa sita, maana ndipo walipofika. Mheshimiwa Waziri Mbwilo alishuka garini akiwa amevaa koti jeupe la daktari juu ya suti. Alikuwa mtu mpana, mwenye sauti ya kuazima kutoka tumboni.

Chiragwile akamtoboa Kidosho sikio. Mheshimiwa akachukua tone la damu kwa kijiko kidogo cha plastiki, wapiga picha wakamwomba arudie, akarudia, wakamwomba atabasamu, akatabasamu, kisha akalidondosha. Kifaa kikawekwa kwenye meza iliyozinduliwa wiki iliyopita.

"Wakati tunasubiri majibu," mshereheshaji akasema, "Mheshimiwa atasema maneno machache."

"Itifaki imezingatiwa," Mheshimiwa akaanza, kisha akaizingatia upya, mtu mmoja mmoja, kuanzia Mkuu wa Wilaya hadi mwenyekiti wa chama cha wauza kamba. Kifaa kilimaliza kazi yake akiwa bado kwa wauza kamba.

"Ndugu wananchi," akaendelea, "zamani mfugaji alikaa gizani kuhusu mapafu. Mapafu yako ndani. Serikali iliyopita haikuyaona mapafu. Serikali hii imeyaona. Tumeyafuata mapafu mpaka zizini. Nani mwingine katika bara hili amefuata mapafu?"

Hakuna aliyemjua mwingine. Watu wakapiga makofi.

Jua lilipoanza kulegea, Mheshimiwa alikichukua kifaa, akakiinua juu, akakitazama. Alikuwa amepewa maelezo asubuhi ile, lakini aliyapata wakati wa chai na sambusa.

"Mistari miwili," akatangaza.

Hakuna aliyepiga makofi. Nyamizi akashika kamba kwa nguvu. Sasa alijua.

"Nasema miwili," Mheshimiwa akarudia, na sauti ikazidi kupanda. "Nchi nyingine mnazozisikia zinajisifu, ng'ombe wao wanapata mstari mmoja. Mmoja. Sisi, jaribio la kwanza tu, tumepata miwili. Huyu ndiye ng'ombe wa mfano. Nataka taifa zima liwe na mistari miwili."

Bendi ikapiga. Chiragwile akamwinamia Kanali sikioni.

"Mkuu, miwili ni ugonjwa."

"Ameshasema?"

"Ameshasema."

"Kwa kipaza sauti?"

"Kwa kipaza sauti."

"Basi si ugonjwa," Kanali akasema, akasimama kupiga makofi.

*

Baada ya hapo mambo yalikwenda haraka sana, na nani atasema kipimo hakikuwa cha haraka. Maafisa walifungiwa stoo na gundi na karatasi, wakabandika picha zote kwenye maboksi, yule ng'ombe anayecheka na yule aliyelala, zisije zikapotosha wananchi. Redio ikasoma agizo: ng'ombe mwenye mistari miwili apewe shada na aachwe atembee popote awe mfano, ng'ombe mwenye mstari mmoja ni mgonjwa, apelekwe karantini ya serikali bila kuchelewa.

Kidosho alichukuliwa siku hiyohiyo kwenda ziara ya wilaya. Nyamizi alimfungua kamba mwenyewe. Alikuwa ng'ombe aliyemzoea.

Kisha Chiragwile akaja na mfuko wa vipimo kupima waliobaki. Alitoboa, akadondosha, wakanywa chai. Bibi Kabula hakunywa. Alikaa akivitazama vile vifaa vilivyopangwa kwenye gogo kama mtu anayesubiri maandazi kwenye mafuta.

Chiragwile akainama, akatazama cha kwanza, cha pili, mpaka cha mwisho. Akatabasamu, kisha akatazama barabarani, akakunja uso.

"Poleni," akasema kwa sauti ya kusikika kwa majirani. "Mstari mmoja. Wote wagonjwa." Halafu akashusha sauti. "Ulimtenga mapema, dada. Hakuna hata mmoja aliyeambukizwa."

Nyamizi akakaa chini.

"Lia," Bibi Kabula akamwambia kwa kunong'ona. "Mwenyekiti wa mtaa anachungulia."

"Sina machozi, mama. Nimefurahi."

"Basi funika uso mimi nilie." Naye akalia kilio kizuri, chenye maneno, hata mwenyekiti wa mtaa akasogea kutoa pole. "Wamekwenda watoto wangu," Bibi Kabula akasema. "Wamebaki na mstari mmoja kama yatima."

Karantini ilikuwa nyika pana iliyozungushiwa waya, mbali na kila zizi. Nyasi zilifika magotini kwa kuwa hakuna aliyeruhusiwa kulisha humo. Palikuwa na kisima kirefu chenye utepe, hakijazinduliwa, lakini ng'ombe hawakuambiwa. Wafugaji walioelewa waliingiza ng'ombe wao mle kwa vilio, wakajenga vibanda kando ya waya, na kila ng'ombe mpya aliyeletwa walimpima wenyewe langoni kwa vifaa ambavyo Chiragwile aliviacha kwa kusahau. Alisahau sana mwaka ule. Mtu akiwaona wamekaa pale na nyuso za msiba, asingejua kwamba ndilo lilikuwa zizi pekee la ng'ombe wazima katika nchi.

*

Matata yalianzia kwa wakubwa. Ng'ombe wa Kanali Kihedu walipimwa, wakapata mstari mmoja.

"Rudia," Kanali akasema.

Chiragwile akarudia. Mmoja.

"Unataka kuniambia mimi, Mkuu wa Wilaya, nina mstari mmoja kama mchunga mbuzi?"

"Si wewe, mkuu. Ni ng'ombe."

"Ng'ombe wangu ni mimi." Kanali akazunguka zizi lake, mikono nyuma. "Yule Kidosho yuko wapi?"

"Yuko ziarani, tarafa ya pili."

"Aletwe alale hapa. Wangu wamuone anavyoishi, waige."

Kidosho akaletwa kwa lori lenye mapambo. Alilala zizini kwa Kanali, akanywa kwenye birika lao, akawakoholea. Haukupita muda mrefu, ng'ombe wa Kanali wakapata mistari miwili kila mmoja, wengine miwili iliyokoza kabisa. Kanali akafanya sherehe. Mkurugenzi wa wilaya aliposikia, naye akamtaka Kidosho. Akafuata hakimu, akafuata mbunge, ambaye alilalamika kwamba hakimu amekaa naye kupita kiasi. Mwishowe Mheshimiwa Waziri mwenyewe akamchukua kwenda ranchi yake, yenye ng'ombe wengi kuliko kata tatu, na kila mmoja akapewa nafasi ya kusimama naye karibu.

Kidosho alifia huko. Redio ikakatiza muziki kutangaza kwamba ng'ombe wa mfano amefariki akiwa na afya njema. Nyamizi alisikia akiwa anakamua. Aliacha kukamua kidogo, kisha akaendelea.

Baada ya Kidosho wakafuata wengine. Ranchi ya Mheshimiwa ilikohoa mpaka walinzi wakashindwa kulala. Wafugaji wadogo waliokuwa wameiamini redio nao walipoteza ng'ombe wao, na hao hakuna aliyewatangaza. Mheshimiwa alipoulizwa na waandishi alisema: "Wamekufa, ndiyo, lakini wamekufa wakiwa wazima. Nitajieni nchi nyingine iliyofanikiwa kufisha ng'ombe wazima kwa kiwango hiki."

*

Walipokwisha ng'ombe wa viongozi, mtu mmoja akamnong'oneza Mheshimiwa kwamba wale wagonjwa wa karantini hawajafa. Si hivyo tu, wamenenepa.

Alikuja na malori matupu. Alikuja pia na redio ya taifa, kwani hakuwa na desturi ya kutenda wema pasipo redio. Wafugaji walipangwa kando ya waya. Mheshimiwa aliwatazama ng'ombe wanavyotafuna taratibu, migongo imejaa, na koo lake likapanda na kushuka.

"Moyo wangu umeumia," akasema. "Wagonjwa hawa wamekaa hapa jangwani bila matunzo. Sisi viongozi tumeshauriana, tumeamua kujitolea. Tutawachukua nyumbani kwetu, tuwauguze wenyewe."

Wale wenye malori wakaanza kushusha ngazi. Bibi Kabula akamshika Nyamizi mkono. Hakuna aliyehitaji kuelezwa: ng'ombe wakipanda lori, wanakwenda kulala kwenye mazizi yenye ugonjwa, na hata wasipokufa hawatarudi.

"Sasa tutamsikia mwakilishi wa wafugaji akitoa shukrani," mshereheshaji akasema. Kanali akatafuta kwa macho mtu asiyejua kusema. Akamwona Nyamizi, ambaye daima hutazama chini. "Wewe mama. Sema asante, inatosha."

Nyamizi akasukumiwa kipaza sauti. Akakishika kwa mikono miwili.

"Asante, Mheshimiwa," akasema.

"Inatosha," Kanali akasema.

"Asante kwa huruma yako," Nyamizi akaendelea, akitazama viatu vya Waziri. "Ila sisi tunakupenda, tunaogopa. Wewe mwenyewe ulituambia mstari mmoja ni ugonjwa. Tukakuamini, tukaleta wagonjwa wetu hapa wasimguse mtu. Leo tukuache uondoke nao, ulale nao nyumba moja? Kesho ukikohoa, watu watasema sisi ndio tuliokuua."

Kundi la wafugaji likanung'unika kwa hofu ya heshima.

"Hapana, hapana," Mheshimiwa akasema. "Hawa wanaonekana, kwa kweli, wanaonekana..."

"Kwa macho wanaonekana wazima," Nyamizi akasema. "Ndiyo maana ulituletea kipimo. Bwana Mifugo anavyo vifaa. Wapime sasa hivi, redio isikie. Mwenye mistari miwili, mzima, mchukue. Mwenye mmoja, abaki. Au kama mmoja ndio uzima, utuambie leo, tuwaambie na wale waliofiwa na wa mistari miwili."

Redio ilikuwa hewani. Mtangazaji alikiinua kinasa sauti chake, akakisogeza mbele ya midomo ya Mheshimiwa. Taifa zima lilisikia ng'ombe mmoja akishusha pumzi, pumzi safi, ndefu, isiyo na kikwaruzo.

Kusema kweli ilikuwa rahisi. Neno moja lingemrudishia Mheshimiwa ranchi yake. Lakini neno lenyewe lilikuwa "nilikosea", na katika nchi ile hakuna kiongozi aliyewahi kulitamka, wala halijulikani linaanzwaje.

Ng'ombe mmoja wa Nyamizi akatoa ulimi, akalamba tai ya Mheshimiwa mpaka kwenye fundo.

"Wabaki," Mheshimiwa akasema kwa sauti ndogo. Kisha akakohoa kidogo, akakumbuka redio, akainyanyua sauti. "Natangaza karantini ya kudumu. Wagonjwa hawa hawatatoka hapa maisha yao yote, wala watoto wao. Wenyewe wakae nao waone uchungu. Maziwa yao ni sumu, asiyanywe mtu."

"Tumepokea adhabu," Bibi Kabula akajibu kwa niaba ya wote.

Malori yakaondoka matupu. Kanali aliondoka nayo, na alipofika njiani alisikika akimuuliza dereva kama kwao wanafuga kuku.

*

Watu walitii agizo kama wanavyotii maagizo huko: hadharani. Bango lenye fuvu la kichwa likasimamishwa barabarani, na nyuma ya bango ikapita njia ya miguu, ikapanuka, mwisho ikawa barabara. Kila asubuhi walikuja na madumu, vibuyu na sufuria kununua maziwa ya wagonjwa, kwa sababu ya wazima hayakuwepo tena nchini.

Asubuhi moja gari jeusi lenye vioo vyeusi likapita watu wote, likasimama mbele ya pua ya Nyamizi. Kioo cha nyuma kikashuka kidogo. Kwenye kiti palikuwa na kitu kikubwa kimefunikwa blanketi zima. Kutoka kwenye blanketi ukatokeza mkono wenye saa ya dhahabu, umeshika kikombe.

Dereva akainamia dirishani mwake. "Mgonjwa wangu huyu ameshauriwa na daktari anywe maziwa."

"Haya ni sumu," Nyamizi akasema. "Waziri ametangaza."

"Anajua," dereva akasema. "Anasema hata hivyo atayanywa."

Nyamizi akautazama mkono. Alikuwa ameuona ukiinua kifaa juu, mbele ya uwanja mzima. "Shikamoo, Mheshimiwa," akasema kwa upole.

Blanketi likajikunja. "Hakuna Mheshimiwa humu," likajibu kwa sauti ya kutoka tumboni.

"Samahani basi. Nilitaka kumpisha mbele." Akaitazama foleni, akanyoosha kidole. "Kama ni mwananchi tu, mwisho ni kule, nyuma ya yule mzee mwenye punda."

Kikombe kilibaki kimening'inia hewani kwa muda, kikisubiri mtu abadilishe mawazo. Hakuna aliyebadilisha. Mkono ukaingia ndani, kioo kikapanda, na gari jeusi likarudi nyuma polepole, likipita mtu mmoja mmoja, mpaka likafika kwa punda, likazima injini.